Kibao cha "Mbwa Mkali" getini si kinga: mbwa wako akimng'ata mtu, sheria inakudai nini?

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Jumamosi moja asubuhi mtoto wa dada yangu, ana miaka minane, alitumwa dukani kununua sukari. Alirudi amebebwa na dereva wa bodaboda, paja lina matundu manne ya meno, ndala moja haipo. Mbwa wa jirani alichoropoka geti lilipofunguliwa gari liingie.

Nilipokwenda kwa jirani, mzee wa watu hakukana wala hakunijibu vibaya. Alinishika mkono akanipeleka hadi getini, akanionyesha kibao cha bati chenye herufi nyekundu: MBWA MKALI. Akasema, "Mwanangu, mimi tahadhari nilishatoa. Mtaa mzima unajua huyu mbwa ni mkali."

Ndiyo maana nimefungua uzi huu. Mimi ni wakili, na maneno hayo nimeyasikia kwa wenye mbwa wengi, wote wakiamini wamejitetea. Kumbe "mtaa mzima unajua" ndiyo sentensi mbaya kuliko zote ambazo mwenye mbwa anaweza kuitamka mbele ya hakimu. Nitafika hapo. Naongelea sheria ya Tanzania Bara. Zanzibar wana sheria zao, na majirani zetu wa Kenya watatujuza ya kwao.

Kabla ya sheria, jeraha. Mtu aking'atwa, kidonda kioshwe hapohapo kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili. Huo ndio mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, na dakika 15 ni nyingi kuliko unavyodhani ukiwa na mtoto anayelia mkononi, kwa hiyo angalia saa. Usipake pilipili, majivu wala mafuta ya taa. Halafu hospitali siku hiyohiyo, kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa, na kama meno yamepenya ngozi, ulizia pia dawa ya kingamwili inayochomwa kwenye kidonda chenyewe. Chanjo ina sindano za kurudia na kila tarehe ina maana yake. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu karibu hakuna anayepona, ila kabla ya dalili chanjo inazuia. Kwa dunia nzima ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, na karibu wote wameupata kwa mbwa.

PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, mtaichukua kituoni, na ni muhimu sana kwa kesi, lakini maji na sabuni havisubiri PF3.

Jambo la pili, na hapa naomba mnisikilize hata kama mna hasira: msimuue mbwa. Siku ile vijana walishashika marungu, nikawazuia kwa shida. Mbwa akifungwa na kuangaliwa siku 10 akabaki mzima, maana yake siku aliyong'ata hakuwa anaambukiza kichaa. Mkimuua na kumtupa mmetupa jibu la daktari na ushahidi wa mahakamani kwa pamoja. Mwiteni ofisa mifugo wa kata. Chini ya Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003, mnyama anayeshukiwa kuwa na ugonjwa wa aina hii ni wa kutolewa taarifa, si wa kufichwa.

#2 Mleta uzi (inaendelea)

Sasa sheria. Mwenye mbwa anaweza kujikuta kwenye milango miwili kwa tukio lilelile moja.

Mlango wa kwanza ni jinai. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 233 (angalieni toleo mlilonalo, marekebisho huweza kusogeza namba), inamtia hatiani mtu ambaye kwa uzembe unaoweza kumdhuru mwingine ameacha kuchukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutokana na mnyama aliye mikononi mwake. Someni tena: ameacha kuchukua tahadhari. Haihitajiki umtume mbwa. Geti bovu, mnyororo uliooza, dada wa kazi anayeachiwa mbwa asiyeweza kumshika, yote yanaingia humo. Ni kosa dogo kwa daraja, lakini makosa ya namna hiyo yasiyotajiwa adhabu yake yanaweza kumfikisha mtu kifungo cha hadi miaka miwili, au faini, au vyote viwili. Aliyeng'atwa akifa, mazungumzo yanageuka kuwa ya kuua bila kukusudia. Na ukimwamrisha mbwa kwa makusudi amvamie mtu, hapo mbwa ni sawa na panga ulilolishika.

Polisi wengi huwaambia watu "hiyo ni madai, nendeni mkaelewane". Kwa heshima zote, si sahihi. Kifungu kipo.

Mlango wa pili ni madai, yaani fidia. Hapa hatuna sheria moja ya Bunge inayosema "mwenye mbwa atalipa". Tunatumia kanuni za komoni loo, yaani sheria itokanayo na maamuzi ya mahakama, tulizorithi kwa Waingereza, zile zilizopokelewa hapa kwa tarehe ya 22 Julai 1920. Ndani yake kuna njia mbili.

Njia ya kwanza ni kujua. Mnyama wa kufugwa kama mbwa huhesabiwa mpole mpaka ithibitike kwamba mwenyewe alijua ana tabia ya kudhuru. Ikithibitika alijua na bado akaendelea kumfuga, anawajibika hata kama alijitahidi kumfunga. Mizizi yake ni kesi ya Kiingereza ya 1846, May dhidi ya Burdett, ambapo aliyeng'ata wala hakuwa mbwa, alikuwa kima. Mahakama ilisema aliyefuga mnyama huku akijua anang'ata, kosa lake lilianza pale alipomfuga.

Sasa rudini kwenye kibao. Mdai anatakiwa athibitishe kuwa mwenye mbwa alijua. Kwa kawaida ni kazi ngumu: utafute mashahidi, utafute aliyewahi kung'atwa kabla. Lakini kibao cha MBWA MKALI amekiandikisha mwenyewe, akalipia fundi, akakipigilia getini kwake. Wakili wa mdai anahitaji picha yake tu.

Sisemi mkang'oe vibao. Kibao kina kazi yake, kinamwonya anayetaka kuingia, na kwa mtu mzima aliyesoma akaingia kwa ubishi kinaweza kumsaidia mwenye nyumba. Ila hakimsaidii chochote dhidi ya mtoto aliyekuwa barabarani akipita na sukari yake. Yeye hakuingia popote.

Njia ya pili ni uzembe wa kawaida, na hapo hata huhitaji kuthibitisha kwamba mbwa aliwahi kung'ata. Kuna kesi ya 1972, Draper dhidi ya Hodder, pia ya Uingereza: kundi la Jack Russell, mbwa wadogo kabisa, walimvamia mtoto wa jirani. Hakukuwa na ushahidi kwamba walishawahi kumdhuru mtu, lakini mfugaji aliwajibishwa kwa uzembe kwa sababu mtu mwenye uzoefu wake alipaswa kujua mbwa wakiachiwa kundi zima wanaweza kushambulia. Kesi hiyo haizifungi mahakama zetu, inazishawishi tu, ila inavunja ule usemi kwamba mbwa ana haki ya kung'ata mara ya kwanza bure.

Karibuni kwa maswali.

#3 Mfugaji

Mkuu, uzi mzuri ila unatutisha. Mimi nafuga mbwa watatu kwa sababu nimeibiwa mara mbili. Mwizi akiruka ukuta saa nane usiku akang'atwa, nimlipe fidia?

#4 Mleta uzi

Mkuu, pole kwa kuibiwa. Jibu fupi ni kwamba mwizi wa namna hiyo ana mlima mrefu wa kupanda. Kesi ya 1977, Cummings dhidi ya Granger, ilihusu mwanamke aliyeingia usiku kwenye yadi ya vyuma chakavu mashariki mwa London, akijua kuna mbwa na kibao kipo. Alishindwa. Mahakama ya Rufani iliona kuweka mbwa wa ulinzi mahali pale kulikuwa na sababu, na mama yule aliikubali hatari mwenyewe. Kesi ile iliamuliwa kwa sheria ya wanyama ya Uingereza ya 1971 ambayo sisi hatuna, lakini mantiki yake inafaa hata kwetu.

Ila kuna mpaka. Mbwa wa kulinda ndani ya ukuta ni halali. Mwizi akishalala chini amenyoosha mikono, ukamwachia mbwa aendelee, huo si ulinzi tena. Na si kila anayeingia bila kualikwa ni mwizi: mtoto anayefuata mpira, msoma mita, muumini anayekusanya michango. Hao kisheria wana ruhusa ya kimyakimya kufika mlangoni kwako mchana, au angalau ulitegemea watafika. Weka kengele nje ya geti, na mbwa wafungwe mchana.

#5 Msoma mita

Umenitaja kaka. Miaka sita kazini nimeng'atwa mara mbili. Mara ya pili mwenye nyumba alinipa elfu kumi ya soda. Mwajiri akasema ni ajali kazini, nipumzike siku tatu. Nilitakiwa kudai kwa nani?

#6 Mleta uzi

Kwa wote wawili, ndugu yangu, kwa misingi tofauti. Uliumia ukiwa kazini, kwa hiyo una haki chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, na ndiyo kazi ya WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mwajiri anawajibika kutoa taarifa ya ajali, si hisani yake. Mwenye mbwa naye ana deni lake la uzembe. Ile elfu kumi ya soda haikufuti madai kama hukusaini popote kwamba umeridhika. Na kama bado hujamaliza chanjo, nenda leo.

#7 Mama wa wawili

Swali langu ni hili. Kwetu kuna mbwa si wetu, alikuja tu, wanangu wakaanza kumpa ukoko wa ugali, sasa analala kibarazani. Akimng'ata mtu ni wa nani?

#8 Mleta uzi

Dada, sheria haiulizi nani alimnunua. Inauliza nani anamfuga: nani anamlisha, anampa mahali pa kulala, anayeweza kumzuia. Kwa maelezo yako, mahakama inaweza kusema ni wako. Ama mchanjeni na kumfunga kamba kama wenu, ama mkabidhini kwa ofisa mifugo.

Hapohapo niongezee: mpangaji akifuga mbwa, mwenye nyumba hawajibiki kwa sababu tu nyumba ni yake. Mlinzi uliyemwajiri akimwachia mbwa vibaya akiwa zamu, anayeshitakiwa kwa fidia ni wewe pamoja naye, maana alikuwa anafanya kazi yako.

#9 Daktari wa mifugo

Naunga mkono mleta uzi na kuongeza kutoka upande wetu. Mbwa wengi wanaong'ata watu ninaoitiwa hawakuzaliwa wakali. Wamefungwa mnyororo wa mita moja tangu wakiwa wadogo, juani, wanatupiwa mawe na watoto kupitia uwazi wa geti, hawajawahi kuguswa na mgeni. Siku mnyororo ukikatika unategemea nini? Kumtesa mbwa ni kosa kwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, na pia ndiko kunakomtengeneza huyo mkali wa kwenye kibao.

Chanjo ya kichaa: kuanzia miezi mitatu, kisha kurudia kila mwaka, na mtunze cheti. Tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, halmashauri nyingi huchanja bure, pelekeni mbwa. Jamii ikichanja asilimia 70 ya mbwa wake, ugonjwa unakosa pa kupita. Pemba walifanya kampeni za kurudia-rudia na wakautokomeza.

#10 Mleta uzi

Daktari, asante sana, na kisheria cheti hicho kina uzito. Hakifuti jeraha, lakini mwenye mbwa asiye na cheti anabeba gharama ya chanjo zote za aliyeng'atwa pamoja na hofu ya wiki nzima za kusubiri. Dada yangu hakulala usiku kumi. Hofu hiyo nayo ni madhara, idaiweni.

#11 Mkenya wa Nakuru

Sasa wakubwa. Huku Kenya mambo yanakaribiana. Kifungu cha jinai kwetu ni 243 cha Penal Code, maneno karibu yaleyale. Badala ya PF3 tuna P3, na hakikisha umepewa namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Tuna pia Rabies Act, Sura ya 365. Kudai fidia ni ndani ya miaka mitatu. Kaunti nyingi zinataka leseni ya mbwa, lakini ukiuliza majirani wangapi wanayo utashangaa.

#12 Niko California

Nawasalimu kutoka ughaibuni. Huku jimboni kifungu cha 3342 cha sheria ya madai kinasema mwenye mbwa analipa kwa kila aliyeng'atwa mahali pa umma au aliyeingia kihalali, iwe alijua ukali wake au la. Kwa hiyo watu wanakata bima ya nyumba inayogusa mambo ya mbwa. Huko nyumbani hakuna bima hiyo?

#13 Mleta uzi

Ipo, ndugu yangu, kampuni huweza kuongeza kipengele cha madhara kwa watu wengine kwenye bima ya nyumba. Wanaokata ni wachache. Kwa mbwa hakuna ulazima kama wa bima ya gari.

#14 Mzee wa mtaa

Vijana, mnasoma sana lakini mnasahau ujirani. Mbwa ameng'ata, basi, mtu aombwe radhi, apewe nauli ya hospitali, yaishe. Mkipelekana mahakamani, msibani mtazikana vipi?

#15 Mleta uzi

Shikamoo mzee. Nimelifikiria hili usiku na mchana maana mwenye mbwa ni mtu aliyenifundisha mimi kuendesha baiskeli.

Lakini mzee wangu, wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nauli ya hospitali inaonekana inatosha kwa yule ambaye si mwanawe anayeamka usiku akilia kila mbwa akibweka mtaa wa tatu. Mtoto yule kwa miezi miwili alikataa kupita barabara ile, dada akawa anampeleka shule kwa kuzunguka. Huo ndio uzito wenyewe.

Na hatukwenda mahakamani. Niliandika barua ya madai ya ukurasa mmoja, yenye tarehe, maelezo ya tukio, nakala ya PF3, risiti zote, na picha ya kibao. Tukakaa kwa mwenyekiti wa mtaa, mzee na wanawe, sisi na dada. Mzee aliposoma sehemu ya kibao alinyamaza muda mrefu, kisha akasema hakujua kwamba bati lile lilikuwa linamsema yeye. Tuliandikiana: gharama zote za matibabu zilizotumika na zitakazofuata, nauli, siku ambazo dada hakufungua genge lake, na kiasi cha maumivu tulichokubaliana. Alilipa kwa awamu tatu. Pia aliweka geti la pili la ndani, na hilo ndilo dada alilitaka kuliko pesa. Ujirani upo. Kilichousaidia, mzee wangu, ni kwamba kila kitu kiliandikwa, hakuna aliyebaki kununa kwa jambo ambalo halikusemwa.

Kwa wale ambao mwenye mbwa anakataa kukaa mezani: madai ya uzembe yanaanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, msipoteze nauli Mahakama ya Mwanzo. Kwa mtoto, mzazi anafungua kwa niaba yake kama rafiki wa karibu, na makubaliano yoyote kesi ikishafunguliwa yapate kibali cha mahakama.

Halafu risiti. Nalirudia kwa sababu kesi nyingi zinafia hapa. Mahakama ya Rufani, katika Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe ya 1992, ilisema fidia mahsusi, yaani pesa uliyotumia hasa, lazima itajwe kwenye hati ya madai na ithibitishwe moja kwa moja. Umetumia laki tatu na una risiti za elfu themanini, utapata themanini. Maumivu, kovu na hofu ni fidia ya jumla, hiyo hakimu anapima mwenyewe. Na kama aliyeng'atwa alimchokoza mbwa, sehemu ya fidia inaweza kupunguzwa kulingana na kosa lake.

#16 Mfugaji

Mkuu, nimetoka sasa hivi kukagua geti. Kitasa cha chini hakishiki kabisa na nilikuwa najua. Fundi anakuja kesho.

#17 Msomaji kimya

Samahani kwa kuchelewa. Mimi niling'atwa miaka miwili na miezi kama minne iliyopita, mkono wa kushoto, vidole viwili havikunji vizuri hadi leo. Nilikuwa fundi cherehani. Mwenye mbwa alihama mtaa. Nimeshachelewa?

#18 Mleta uzi

Hujachelewa, dada. Ukomo wa madai ya namna hii ni miaka mitatu tangu siku ya tukio, na kwa mtoto huanza kuhesabiwa akishafikisha umri wa mtu mzima. Umebakiwa na miezi kama minane, na hiyo inaisha haraka kuliko unavyodhani.

Wiki hii fanya haya: rudi kituo kile cha polisi uombe nakala ya PF3 yako, wana kumbukumbu. Nenda hospitali uliyotibiwa uombe faili, kisha daktari apime vidole leo na aandike ulemavu uliobaki. Tafuta mteja mmoja au wawili waliokuwa wanakushonesha kabla, waeleze mkono wako ulivyokuwa ukifanya kazi. Kuhama mtaa si kuhama sheria. Mwenyekiti wa mtaa wa zamani huenda anajua alikohamia. Kama huna uwezo wa wakili, kuna sheria ya msaada wa kisheria tangu 2017, ulizia ofisi ya ustawi wa jamii wilayani wakuelekeze kwa watoa msaada waliosajiliwa.

Na lile geti alilotoka huyo mbwa, kama nyumba bado ipo, pita ulipige picha. Angalia kama kibao bado kipo.